Mrengo wa kushoto, mlengo wa kushoto, au kuegemea kushoto?

SWALI: Naandika makala ya historia kuhusu Uingereza baada ya uchaguzi wa 2010. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Baada ya bunge kuning'inia, wapiga kura wa mlengo wa kushoto walidai kusalitiwa na serikali mpya ya muungano." Mhariri ameirudisha akiwa amepigia mstari maneno manne: kuning'inia, mlengo, walidai na muungano. Mlengo nausikia redioni kila siku. Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri wako ameona vizuri, ingawa kwenye neno mlengo ningemwomba alegeze kamba kidogo. Na kuna neno la tano ambalo yeye kalipita na mimi siwezi kulipita. Nitalifikia.

Tukio kwanza, maana maneno haya yanapimwa kwalo. Tarehe 6 Mei 2010 Waingereza walipiga kura. Katika Bunge la viti 650, chama kinahitaji viti 326 ili kitawale peke yake. Conservative cha David Cameron, chama cha mrengo wa kulia, kiliongoza kwa viti 306, Labour kikapata 258, Liberal Democrats cha Nick Clegg 57. Yakafuata mazungumzo ya siku tano. Tarehe 11 Cameron akawa Waziri Mkuu, na Clegg akawa naibu wake.

Sasa, bunge hilo halikuning'inia popote. Umetafsiri neno kwa neno "hung parliament", jina la Kiingereza la bunge ambalo hakuna chama chenye wingi wa viti. Kwa Kiswahili kinachoning'inia ni kitu kilichotundikwa: nguo kambani, popo mtini. Msomaji asiyejua Kiingereza hawezi kukisia kwamba unazungumzia hesabu ya viti. Andika "hakuna chama kilichopata wingi wa viti", basi. Na kama utataja njia nyingine waliyokuwa nayo Conservative, yaani kutawala peke yao bila wingi huo, jihadhari na "serikali ya wachache". Kwa wengi wetu maneno hayo yanarejesha Rhodesia na Afrika Kusini, watu wachache kuwatawala wengi kwa nguvu. Sema "serikali isiyo na wingi bungeni".

Kuhusu muungano sina shaka hata kidogo. Mtanzania akisoma "Serikali ya Muungano" anafikiria jambo moja tu, ile iliyozaliwa tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana. Isitoshe, makala yako inahusu nchi ambayo jina lake rasmi kwetu ni Ufalme wa Muungano. Humo humo tena utie serikali ya muungano? Msomaji atapotea. Kenya neno hili lina kazi nyingine: vyama vikiungana kabla ya uchaguzi ili visimame pamoja, huo ni muungano, kama ule wa NARC wa mwaka 2002. Ila vyama vilivyoshindana vikilazimika kugawana mawaziri baada ya kura kuhesabiwa, hiyo ni serikali ya mseto. Wakenya walilizoea neno hilo mwaka 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipogawana madaraka, na mitaani likapata jina la pili, serikali ya nusu mkate.

Mseto ni neno nililipendalo kwa sababu linasema kweli. Asili yake ni chakula, mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hadi vikarojeka, na ndani yake kuna kitenzi kuseta, yaani kuponda. Lakini bado choroko unaiona. Vyama vilivyomo katika mseto havijawa chama kimoja. Kila kimoja kina mkutano wake mkuu, wanachama wake na hofu zake. Liberal Democrats walilazimika kuitisha mkutano maalumu Birmingham tarehe 16 Mei 2010 ili wanachama waidhinishe makubaliano. Muungano ungeficha jambo hilo.

Haya, mlengo. Wapo wanaolicheka wakidhani limetokana tu na ulimi unaochanganya r na l. Mimi silicheki. Kucheza kumezaa mchezo, kwenda kumezaa mwendo; kulenga kuzaa mlengo si dhambi ya kisarufi. Hata hivyo mrengo ndilo lililozoeleka zaidi katika maandishi, na maana yake ni nyingine: ni upande, kundi lililo upande mmoja wa jambo. Hilo linaafiki chimbuko la msemo wenyewe, kwani mwaka 1789 huko Ufaransa wajumbe waliokataa mfalme apewe mamlaka ya kuzuia sheria walikaa kushoto mwa mwenyekiti wa kikao. Kushoto ilikuwa mahali pa kukaa kabla haijawa fikra. Kwa chama, kwa hiyo, andika mrengo: "Labour ni chama cha mrengo wa kushoto".

Ila wewe huzungumzii chama. Unazungumzia wapiga kura, na hapa ndipo ningekusihi uache mrengo na mlengo vyote viwili. Mtu wa mrengo ana kambi. Yumo ndani yake. Wengi wa watu unaowaandika hawakuwa na kambi. Baadhi yao walikiacha Labour kwa hasira ya vita vya Iraq vya 2003. Wengine waliishi katika majimbo ambayo Labour hakikuwa na nafasi, wakawapigia Liberal Democrats ili mgombea wa Conservative asipite. Wengine walikuwa wanafunzi walioamini ahadi ya Liberal Democrats ya kupinga ongezeko la karo ya vyuo vikuu. Hao ni watu wanaoegemea kushoto. Kuegemea ni kitenzi cha haki kwao: anayeegemea hajahamia, ameweka uzito wake upande mmoja, na ukiuondoa ukuta anaanguka. Ndivyo ilivyokuwa siku waliyowaona Cameron na Clegg wamesimama bega kwa bega katika bustani ya Downing Street, makao ya Waziri Mkuu. Kura waliyoipiga ili kuwazuia Conservative ilikuwa imewasaidia kuingia madarakani. Ukiandika "wa mrengo wa kushoto" msomaji atadhani ni wafuasi wa Labour walioshindwa uchaguzi, na maumivu ya aliyeshindwa si maumivu ya hawa.

Ndiyo maana "walidai" inaniuma zaidi ya kosa jingine lolote katika sentensi yako, na nashukuru mhariri ameiona. Kudai kuna maana mbili. Anayedai deni anadai haki yake. Lakini katika lugha ya habari, "alidai kuibiwa" humwambia msomaji kwamba mwandishi hasadiki. Hukukusudia kuwadhihaki watu hawa, najua. Kitenzi kimekufanyia hivyo bila wewe kujua. Andika "waliona wamesalitiwa". Kuona hapa hakuwathibitishi wala hakuwakanushi. Kunawaachia hisia yao.

Na neno la tano: kusalitiwa "na serikali". Kusaliti kunahitaji uaminifu uliotangulia. Adui hakusaliti, anakushinda. Wapiga kura hawa hawakuwahi kuwaamini Conservative, basi Conservative hawakuweza kuwasaliti, na serikali kwa ujumla wake haikuweza pia. Chama walichokiamini ni Liberal Democrats. Wabunge wa chama hicho walikuwa wameweka saini ahadi ya kupinga ongezeko la karo. Tarehe 9 Desemba 2010 Bunge likaruhusu karo ya juu ya pauni 9,000 kwa mwaka, kutoka 3,290, na wabunge wao wakagawanyika: wengine wakaunga mkono, 21 wakapinga, wengine hawakupiga kura. Mwaka 2012 Clegg aliomba radhi hadharani, akasema hawakupaswa kutoa ahadi wasiyokuwa na uhakika wa kuitimiza. Kwa hiyo mtaje mtendaji: "waliona wamesalitiwa na Liberal Democrats". Vilevile angalia tarehe. Kama sentensi yako inahusu Mei, kabla ya kura ya karo, kusaliti huenda kukawa kumekuja mapema. Wengi wakati huo walikuwa wamevunjika moyo. Si "wamevunjwa moyo", kwa kuwa kuvunjwa kunataka mtu aliyevunja, nawe hujamtaja bado.

Sentensi yako, ikiwa ni ya Mei, ningeiandika hivi: "Hakuna chama kilichopata wingi wa viti, na serikali ya mseto ilipotangazwa, wapiga kura wengi wanaoegemea kushoto waliokipigia Liberal Democrats walivunjika moyo." Kusalitiwa kuweke kwenye aya ya Desemba. Ukifika uchaguzi wa 2015, chama hicho kilipobaki na viti 8 kati ya 57, usiandike kwamba wapiga kura "walilipiza kisasi" kana kwamba wote walikuwa na nia moja. Wengine walirudi Labour, wengine walikwenda kwingine, wengine walibaki nyumbani. "Walikihama" inawatosha wote.