PCB au CBG? Usiikimbie fizikia bado

Mdogo wangu, nimekuelewa: una C ya fizikia kidato cha nne, unatamani udaktari, ila hofu inakusukuma uache PCB (fizikia, kemia, baiolojia) uchukue CBG (kemia, baiolojia, jiografia). Usiharakishe. Vyuo vyetu Tanzania vinadai fizikia, kemia na baiolojia kwa anayetoka kidato cha sita kwenda udaktari wa binadamu. Ukichukua CBG, mlango huo umeufunga mwenyewe.

Mimi nilisoma PCB. Kilichonitesa ni hesabu: boksi kwenye mteremko, sin iende wapi, cos wapi. Niliokolewa na maswali matatu kila usiku na mwenzangu wa bweni.

Likizo hii azima daftari la kidato cha tano, ujaribu mada hiyo wiki mbili. Ikigoma hata ukielekezwa, kozi nyingine za afya zipo. Kabla hujabadili tahasusi (mchanganyiko wa masomo) kwenye Selform, fomu ya kuchagua masomo, muone mwalimu wa taaluma na usome mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania).