Barua kwa mwanangu: huyo korongo usimchonge kwenye jiwe

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unauliza yule korongo taji uliyemchora kule Usangu, kasimama mguu mmoja, umchonge kwenye jiwe au umsubu, yaani umyeyushie na kummimina, kwa bronzi. Bronzi mama, wala usijiulize mara mbili.

Jiwe ukilikandamiza toka juu linabeba mzigo wa ajabu ila ukitaka lijikunje au lining'inie pembeni linakatika tu. Si unazijua zile nguzo za mawe za Isimila kule Iringa, maji yamezichonga miaka na miaka, zimesimama wima kila moja na uzito wake, hakuna hata moja iliyonyoosha mkono. Chura, kobe, ng'ombe aliyelala, hao wape jiwe. Sasa mguu wa korongo mwembamba vile na juu yake mwili mzima, jiwe gani litakubali? Ile sanamu ya Askari pale Dar, ya 1927, bunduki na singe vimetoka mbele vile kwa sababu ni bronzi.

Changanya shaba 90 kwa bati 10, inakuwa ngumu kuliko shaba tupu na inayeyuka mapema, kwenye nyuzijoto 1,000 hivi badala ya 1,085. Mwili uache wazi ndani, ukuta milimita 5 hivi unatosha, ukijaza wote shaba ikipoa inasinyaa na kupasuka. Na kalibu, ule udongo unaoufunikia korongo wako wa nta ili shaba ichukue nafasi yake, ulichome mpaka nta yote iishe na unyevu wote utoke, tafadhali sana, huko Tukuyu mvua haiishi na kalibu bichi likikutana na shaba ya moto maji yanageuka mvuke hapohapo yanakurushia shaba usoni. Hilo silali nikiliwaza.

Halafu mchoro wako mzuri kweli ila pale unapopaona ni goti, kwa ndege ni kifundo cha mguu, kinakunja kwenda nyuma, wewe umekipeleka mbele. Rekebisha kwenye nta mapema. Taji nalo usihangaike unyoya mmoja mmoja, fanya fungu moja halafu uchore mistari kwa sindano.

Lile jiwe ulilokwisha nunua ndio kitako. Chini ya unyayo acha kipande cha bronzi kirefu kidogo, toboa jiwe kiingie humo, ndipo atasimama. Mama yako anakusalimia, nta ya nyuki tunakutumia na basi la Ijumaa.