Maswali ya wasomaji: hadubini, selimundu na jina lako kwenye makala

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa maabara, wodi na miradi ya utafiti. Nimezifupisha, maana haijabadilika.

Shikamoo. Nina stashahada ya maabara na nipo kituo cha afya mkoani Geita. Malaria tunapima kwa mRDT, kipimo cha haraka cha tone la damu, karibu kila siku, na mkubwa wangu anasema zinakuja mashine za kusoma slaidi zenyewe. Kuna haja gani ya kuendelea kujinoa kwenye hadubini?

Marahaba, mdogo wangu. Haja ipo, na hapo Geita ipo zaidi kwa sababu ya jirani yenu.

Tuanze na kipimo chenyewe. mRDT tunazotumia zaidi hazimtafuti mdudu. Zinatafuta protini iitwayo HRP2 ambayo Plasmodium falciparum humwaga kwenye damu. Protini hiyo hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo mistari miwili, yaani jibu la kuwa na malaria, haikuambii kama dawa uliyompa juzi imefanya kazi. La pili ni baya zaidi: wapo vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Mgonjwa anaungua homa, damu imejaa vimelea, na kipimo kinatoa mstari mmoja, kana kwamba hana malaria. Eritrea ilikumbwa na tatizo hili hadi ikabadili aina ya vipimo mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani linazitaka nchi zibadili pale vipimo vinapokosa zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa kwa sababu hiyo.

Sasa jirani. Karagwe, mkoani Kagera, watafiti wakiwemo wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wamethibitisha vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, msingi wa dawa za malaria tunazotumia, vikiwa na badiliko la R561H kwenye jeni ya K13. Badiliko hilo lilikuwa limeshaonekana Rwanda. Watu huvutiwa na upande wa kusoma vinasaba, na ni kazi nzuri kweli. Lakini kuthibitisha usugu kunaanzia kwa mtu kama wewe: mgonjwa ameanza dawa, siku ya 3 anarudi, damu inachukuliwa, na mtu anainama kwenye hadubini kuangalia kama vimelea bado wapo. Mtu huyo akikosea, kila kinachofuata kimekosewa.

Kwa hiyo jinoe kwenye mambo haya. Tone nene lisiguse methanoli, utando mwembamba ndio unaogandishwa kwa methanoli. Maji ya kuchanganyia Giemsa, rangi ya slaidi, yawe na pH 7.2. Yakiwa na asidi, slaidi inatoka ya waridi na kiini cha kimelea hakijitokezi, nawe unaweza kuandika "hakuna vimelea" ilhali wapo. Giemsa ya asilimia 10 inatosha kwa dakika 10 hadi 15. Ya asilimia 3 inataka dakika 45 hadi 60, na ndiyo ninayoipendelea kwa slaidi za utafiti kwa sababu inatoka safi. Ukihesabu, usiandike alama za kujumlisha (+, ++) tu. Hesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200, zidisha kwa 8,000, gawanya kwa 200. Vimelea 50 ni 2,000 kwa kila mikrolita. Hiyo ndiyo namba ambayo daktari anaweza kuifuatilia leo, kesho na keshokutwa.

Mashine za kusoma slaidi zipo, na zitafika. Zitasoma slaidi uliyoipaka wewe.

Mimi ni muuguzi, kliniki ya watoto, Tanga. Mama wa mtoto wa miaka 7 mwenye selimundu (sickle cell) amesikia kuna tiba ya kubadili jeni inayoponya kabisa. Mumewe anataka kuuza shamba wampeleke nje. Niwaambieje?

Dada, waambie wasiuze shamba. Kisha kaa nao uwaeleze sababu, kwa sababu wakiondoka na "haiwezekani" peke yake watamtafuta mtu mwingine wa kuwaambia inawezekana.

Tiba wanayoisikia ni ya kweli. Inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huo huo. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya kichanga, ambayo haipindishi chembe za damu. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima. Wanasayansi huchukua seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, wanazihariri kwa CRISPR, mbinu ya kukata jeni mahali palipochaguliwa, ili kuidhoofisha BCL11A ndani ya seli hizo, kisha wanamrudishia. Himoglobini ya kichanga inaamka tena na maumivu makali yanakoma kwa walio wengi. Kwa mtu aliyewahi kumshika mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa saa nane za usiku, hili si jambo dogo.

Lakini waeleze na upande wa pili. Kabla ya seli kurudishwa, mgonjwa hupewa dawa kali iitwayo busulfani inayofuta uloto wake wote, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Analazwa wiki nyingi akiwa hana kinga, na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Idhini za mwanzo zilikuwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na mtoto wao ana 7. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Hakuna shamba Tanga litakalofika hapo.

Inaniuma kuandika hivyo. Takribani robo tatu ya watoto wenye selimundu huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara, na tiba ya jeni yao inauzwa kwa bei ambayo hata wizara zetu za afya haziwezi kuigusa. Tuendelee kulisema hilo kwa sauti kwenye kila mkutano tunaoalikwa.

Huku tukilisema, mtoto anahitaji kitu leo, na kipo. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa REACH uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walipewa haidroksiyurea kila siku. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Kabla ya hapo wengi tuliogopa kwamba dawa hii ingewaletea malaria zaidi watoto wetu. Haikuwa hivyo. Ni kidonge cha kumeza, na nacho huamsha himoglobini ile ile ya kichanga, ingawa kwa njia nyingine.

Muulize daktari wenu kama mtoto ameshaanzishiwa. Kama bado, hilo ndilo la kupigania wiki hii. Kama ameanza, angalia kadi yake: uzito umepimwa upya lini? Dozi hutolewa kwa kilo, na mara nyingi nimekuta mtoto aliyekua anaendelea na dozi ya utotoni. Picha kamili ya damu ifanyike kwa tarehe alizopangiwa, asidi foliki na kinga ya malaria zisikatike, na mama ajue kupapasa bandama. Halafu waulizeni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na ndugu anayelingana ndiye mtoaji anayetafutwa kwanza. Si kila mtoto anafaa, lakini rufaa ya Dodoma ina mantiki kuliko tiketi ya ndege.

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya uga katika mradi wa utafiti pwani. Nimetoa damu, nimefuata familia nyumbani, nimesafisha data. Makala imetoka na jina langu halimo. Nina haki ya kulalamika?

Haki unayo, ila iwe na hoja. Majarida mengi ya tiba hufuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE. Mwandishi ni aliyechangia kwa uzito kwenye kubuni kazi, kupata data au kuichambua. Akashiriki kuandika au kuihakiki rasimu. Akaridhia toleo la mwisho. Na akakubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Yote manne kwa pamoja. Asiyetimiza yote huwekwa kwenye shukrani.

Hapa ndipo wengi wenu mnapoumizwa. Unaambiwa hukuhakiki rasimu, kwa hiyo huna sifa, ilhali rasimu hukuletewa. Masharti hayo hayo yanakataza mchezo huo: aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine. Nukuu hicho kifungu kwa adabu kwenye barua pepe kwa mtafiti mkuu, orodhesha ulichofanya kwa tarehe, uliza kuhusu makala zinazofuata. Data moja huzaa makala kadhaa, na hapo ndipo kuna nafasi. Fungua pia namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti kwenye kazi zake zote, ni bure.

Na inawezekana kufanywa vizuri. Angalia makala ya chanjo ya malaria ya R21 iliyochapishwa mwaka 2024 kwenye The Lancet. Watoto zaidi ya 4,800 walishiriki kutoka Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo. Kwenye majina ya mwanzo kabisa utawakuta Alassane Dicko, Halidou Tinto, Mainga Hamaluba na Ally Olotu, watu waliozisimamia tafiti hizo kwenye ardhi hii. Mradi ujao, uliza kuhusu majina kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa, na jibu liandikwe.

Nimepokea barua pepe: "Mheshimiwa Daktari", makala yangu itachapishwa ndani ya siku 5 nikilipa. Mimi si daktari, ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilipe?

Usilipe. Uhakiki wa kweli haukamiliki kwa siku 5. Tafuta jina la jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, mwonyeshe msimamizi wako, na kama jarida la kweli linatoza ada, omba msamaha wa ada kabla ya kuwasilisha. Majarida mengi huipunguza ada hiyo au kuifuta kwa watafiti wa nchi zetu.

Nilikuwa fundi wa kipimo cha wingi wa VVU kwenye mradi wa fedha za Marekani. Januari 2025 tukaambiwa tusimame. Bado nipo nyumbani. Nianzie wapi?

Pole sana, ndugu yangu. Wewe na maelfu ya wenzako mlisimamishwa bila kosa, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri majibu nao.

Anza kwa kuacha kujiita mtu wa VVU. Wewe ni mtu wa PCR, mbinu ya kuzidisha vinasaba ili vipimike. Mashine ulizokuwa ukiziendesha, nyingi hupima pia kirusi cha HPV kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, kifua kikuu na homa ya ini. Ukiandika wasifu, andika mashine, idadi ya sampuli kwa siku, na kazi yako kwenye ubora: uliwahi kuandaa nyaraka za ithibati ya ISO 15189, kiwango cha ubora wa maabara za tiba? Uliwahi kushughulikia sampuli za ulinganifu kutoka nje? Maabara binafsi zinatafuta sana watu wa ithibati na huwapata kwa shida.

Kisha tazama nje ya hospitali. Maabara za mifugo, za chakula na za udhibiti wa dawa hutumia mikono hiyo hiyo. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ilifikia kiwango cha 3 cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, wakati huo ikiitwa TFDA, na mamlaka ya kiwango hicho haiwezi kukaa bila wapimaji.

Leseni yako ya baraza usiiache ife, hata kama ni kwa kuazima pesa. Na kama ofisi ya mradi bado ina mtu, mfuate wiki hii upate barua ya utumishi yenye majukumu yako na nakala za vyeti vya mafunzo, maana ikishafungwa hutajua faili lako liko kwa nani.