Likizo zote tunazimalizia kwa mavyaa

Shangazi, mimi na mume wangu tunaishi Unguja. Kila likizo tunakwenda kwao Chake Chake, na siku zote nazimaliza jikoni na mawifi, yeye yuko barazani na wenziwe. Mara hii nataka tuitembee Pemba sisi wawili tu. Anasema tukilala gesti mama yake ataona tumemdharau. Nifanyeje?

Mwanangu, umechoka na una haki ya kuchoka. Likizo anayopumzika mume peke yake mimi siiiti likizo yenu.

Lakini mumeo hakosei kuhusu mama. Mtoto akishuka bandarini Mkoani akapita bila kufika kwao, habari itatembea kabla ya magharibi. Basi anzeni kwake. Laleni siku mbili, mpe zawadi yake mkononi, pika naye kwa moyo mweupe. Habari ya kuondoka aiseme mwanawe. Hapo usilegeze hata kidogo, maana ukiisema wewe itakuwa mkazamwana ndiye anayemkokota mume.

Kisha shikeni njia. Pujini si mbali na Chake. Nendeni kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, mwombe mwenyeji akuonyesheni kisima. Husimuliwa kwamba alikijengea ukuta katikati ili wake zake wawili, waliokuwa hawapatani, wasionane wakiteka maji. Hapo mwambie mumeo, kwa upole, kwamba na nyinyi mna ukuta: yeye barazani, wewe jikoni. Nadhani atakusikia vizuri zaidi kuliko nyumbani, ambako kila neno lina masikio.

Wete pandeni mlimani mjini, mnunue halua, mtazame bandari chini. Halafu kaskazini, mpite msitu wa Ngezi, njia yenye kivuli cha miti mikubwa, mpaka mtokeze Vumawimbi: mchanga mweupe mtupu, na pengine wavuvi wakivuta ngalawa yao. Kaeni hapo hata nusu siku bila kufanya chochote. Mkiwa na nguvu, fikeni Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa wa mwaka 1900. Tumbe iacheni kwa asubuhi, samaki wanaposhushwa.

Zungumza naye wiki hii, kabla hajakata tiketi za boti. Ukingoja mpaka mko Chake, mavyaa atakuwa ameshakutandikieni chumba cha wiki nzima.