Huduma za simu yako zikifungwa, usiireseti

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Simu yake ya zamani ya Android ilianza kukataa kurasa za intaneti, kisha barua pepe ikagoma, na mtu wake wa karibu akamwambia, "Ireseti tu, itarudi kama mpya." Akaireseti. Sasa imebaki na saa, kikokotoo na kamera. Akaunti haiingii, programu zake hazipo tena dukani kwa toleo lile, na namba za watu zilizokuwa ndani ya simu zimepotea. Anauliza afanye nini. Nitamjibu mwishoni, lakini kwanza niseme na wewe ambaye bado hujabonyeza kitufe hicho.

Ushauri wa kureseti unaniuma kila ninapousikia, kwa sababu unaua simu nyingi kuliko maji. Kureseti kunaifaa simu ambayo duka lake la programu na seva za mtengenezaji bado zipo: unafuta uchafu, kisha unapakua upya. Huduma zikishafungwa, kila kilichomo ndani ya simu ndiyo nakala ya mwisho, na ukikifuta hakuna pa kukirudishia. Simu za webOS, mfumo wa Palm na HP, ziliachwa hivyo HP ilipozima seva za akaunti na duka tarehe 15 Januari 2015. Duka la Windows Phone 8.1 lilifungwa tarehe 16 Desemba 2019. BlackBerry za zamani, pamoja na zile za BlackBerry 10, ziliondolewa kwenye huduma tarehe 4 Januari 2022. Google nayo, tangu tarehe 27 Septemba 2021, hairuhusu kuingia kwenye akaunti kutoka Android 2.3.7 kurudi nyuma.

Katika hilo la Google kuna mtego ambao wengi hawauoni. Huhitaji kureseti ili ufungiwe nje: kubadilisha nywila kunatosha. Ukibadilisha nywila kwenye kompyuta, vifaa vingine karibu vyote vinatolewa kwenye akaunti, na simu ya zamani ikitaka kuingia upya itaambiwa jina au nywila si sahihi hata kama umeandika vizuri kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha nywila ya akaunti kuu, toa kwanza kila unachokihitaji kwenye simu hiyo.

Kuanzia Android 5.1 kuna kinga ya wizi: simu ikiresetiwa kutoka kwenye menyu ya kuwashia, inadai akaunti ileile iliyokuwemo. Ikiwa lazima ureseti, ingia Mipangilio, Akaunti, uiondoe akaunti kwanza, halafu ureseti ukiwa ndani ya Mipangilio. Kwa iPhone, zima huduma ya kutafuta simu kabla, na ujue kwamba baada ya kureseti lazima iwasiliane na seva ya Apple ndipo ifunguke.

Toa mali yako kabla ya lolote

Anza na misimbo ya kuingilia ya tarakimu sita, ile inayobadilika kila baada ya sekunde 30. Ikiwa programu inayoizalisha iko kwenye simu hiyo, ihamishie kwenye kifaa kingine leo. Picha iliyopotea ni huzuni, lakini misimbo ikipotea unafungiwa nje ya akaunti zako zote.

Majina ya watu yatoe kwa faili la vCard, lenye mwisho wa .vcf. Kwenye Android fungua programu ya anwani, chagua kutoa au kuhamisha kwenda kwenye hifadhi, kisha nakili faili kwa kebo. Usitegemee laini ya simu kama ghala: inabeba jina na namba tu, inakata majina marefu, na kwa kawaida haifiki hata majina mia chache. Ukishatoa faili, lifungue kwenye kompyuta uhesabu majina. Faili lisilofunguka si nakala.

Halafu programu zenyewe, hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Kwenye Android 4.2 na kuendelea, nenda Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara saba, kisha washa Utatuaji wa USB. Unganisha kebo kwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuamrisha simu ya Android kutoka kwenye kompyuta, uandike:

adb shell pm list packages -3

Utapata orodha ya programu ulizosakinisha mwenyewe. Kwa kila moja andika adb shell pm path likifuatiwa na jina lake. Simu itakuonyesha lilipo faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu, nawe ulichukue kwa adb pull. Kwenye simu za Android 5 na kuendelea, jibu linaweza kuwa na mistari kadhaa kwa programu moja. Chukua mafaili yote, na siku ya kurudisha tumia adb install-multiple badala ya adb install, la sivyo programu itakataa kusakinishwa, au itafunguka na kuanguka papo hapo. Programu za kulipia zinazouliza leseni dukani huenda zikakataa hata ukizirudisha.

Kwa iPhone, weka nakala kwenye kompyuta na uchague nakala iliyosimbwa, kwa sababu isiyosimbwa haibebi nywila. Lakini nakala hiyo haina programu zenyewe; hizo hupakuliwa upya dukani. iTunes 12.6.5.3 ndiyo ya mwisho yenye duka la programu za simu kwenye kompyuta, kwani Apple iliondoa sehemu hiyo katika toleo la kawaida la 12.7 mwaka 2017. Kama unaye mtu mwenye kompyuta iliyo nayo, muombe asiisasishe.

Kurasa zinapokataa kufunguka

Usiseme "intaneti haifanyi kazi". Soma maneno ya kosa, maana kuna makosa ya aina mbili na dawa zake ni tofauti.

Likisema cheti cha tovuti, yaani hati inayothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, hakiaminiki au muda wake si sahihi, angalia saa ya simu kwanza. Betri ikiisha kabisa au ikitolewa, simu nyingi za zamani hurudi mwaka 1970 au mwaka zilipotengenezwa, na kwa simu iliyo mwaka 1970 kila cheti ni cha wakati ujao. Weka tarehe, saa na ukanda wa saa kwa mkono. Kama tarehe inarudi nyuma yenyewe, zima saa ya mtandao. Kuna na simu zinazosoma tarehe kutoka kwa setilaiti za GPS, ambazo hesabu yake ya wiki huanza upya kila baada ya wiki 1,024. Ilianza upya mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 2019. Ndiyo maana iPhone 5 isiyo na iOS 10.3.4 ilipoteza barua pepe, duka na kurasa kuanzia tarehe 3 Novemba 2019. Ukiikuta moja hivyo, sasisho halitapita hewani; litapita kwa kebo na kompyuta.

Tarehe ikiwa sahihi na kosa likabaki, tatizo ni vyeti vya mzizi. Simu hubeba orodha ya mamlaka za vyeti inazoziamini, na orodha hiyo huganda siku sasisho za mfumo zinapokoma. Tovuti nyingi sana duniani hutumia vyeti vya Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, ambavyo mzizi wake unaitwa ISRG Root X1. Android inautambua kuanzia 7.1.1, na iOS kuanzia 10. Simu za Android za chini yake zilibebwa na saini ya mamlaka nyingine ya zamani, na msaada huo ulikwisha tarehe 30 Septemba 2024.

Dawa yake ni kuuweka mzizi huo mwenyewe. Pakua faili lake kwa kompyuta kutoka tovuti rasmi ya Let's Encrypt, badilisha mwisho wa jina uwe .crt, na uliweke kwenye hifadhi ya simu. Kisha fungua Mipangilio, Usalama, Sakinisha kutoka kwenye hifadhi. Simu itakulazimisha uweke PIN au mchoro wa kufungulia. Ukiuondoa baadaye, cheti nacho kinafutwa, na hapo ndipo wengi hudhani kazi imeharibika bure. Kuanzia Android 4.4 utaona onyo kwamba mtandao unaweza kuwa unafuatiliwa. Kwa cheti hiki ulichokiweka mwenyewe, hilo ni la kawaida. Usiweke cheti cha mzizi ulichotumiwa na mtu usiyemjua, hata kimoja, kwa sababu mwenye mzizi anaweza kujifanya tovuti yoyote. Kwenye iOS 9 kurudi nyuma, fungua faili hilo kwa Safari au kwenye barua pepe na ukubali wasifu unaotokea.

Aina ya pili ya kosa ni lile linalosema muunganisho salama umeshindikana, bila kutaja cheti. Hapo simu na seva hazina lugha moja. Seva nyingi leo zinadai TLS 1.2, kanuni ya kusimba mawasiliano. Android 4.0 na za nyuma yake hazina kabisa. Android 4.1 hadi 4.4 zinayo, lakini imezimwa kwa chaguo-msingi, kwa hiyo kivinjari cha simu kinashindwa ingawa uwezo upo. Kuweka cheti hapa ni kupoteza muda. Unachohitaji ni kivinjari kinachobeba mitambo yake ya usimbaji na orodha yake ya vyeti: kwa Android 4.1 hadi 4.4 ni Firefox 68.11, toleo la mwisho kwa mifumo hiyo. Lipakue kwa kompyuta kutoka hifadhi ya matoleo ya Mozilla, ulihamishe kwa kebo, uruhusu vyanzo visivyojulikana, usakinishe, kisha uzime ruhusa hiyo. Linaponya kurasa tu. Programu nyingine zinaendelea kutumia mitambo ya mfumo.

Barua pepe

Hapa simu yenyewe mara nyingi ni nzima; watoa huduma ndio wameacha kupokea nywila za kawaida. Kwa Gmail, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kompyuta, tengeneza nywila ya programu yenye herufi 16, uiandike kwenye simu bila nafasi. Chagua akaunti ya IMAP, si ya Google. Seva ya kupokea ni imap.gmail.com, mlango (port) 993, SSL. Ya kutuma ni smtp.gmail.com, mlango 465 kwa SSL au 587 kwa STARTTLS. Anayeweka 587 na SSL ya kawaida atasubiri mpaka achoke, na ndilo kosa ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote. Outlook.com ilifunga njia ya nywila tarehe 16 Septemba 2024, kwa hiyo elekeza barua zake ziende kwenye sanduku la mtoa huduma anayepokea nywila bado.

Weka simu ikague barua kila dakika 30 au kwa mkono. Programu inayoitafuta seva iliyokufa hujaribu tena na tena, na betri ndiyo inayolipa. Zima usawazishaji wa kila huduma iliyofungwa, na programu zake uzilemaze.

Wi-Fi, betri, usalama

Simu isiyoiona ruta mpya si lazima iwe mbovu. Nyingi zinashika GHz 2.4 tu, hazijui WPA3, kinga mpya ya nywila za Wi-Fi, na baadhi hazioni chaneli ya 12 na 13. Weka ruta kwenye WPA2 ya AES, chaneli 1, 6 au 11, na uipe GHz 2.4 jina lake. Mtandao wa 3G ukizimwa na simu haina 4G, hilo halina dawa. Inabaki simu ya Wi-Fi.

Betri "mpya" ya simu ya zamani huenda imekaa rafu miaka kumi. Ipime kwa multimita kabla ya kuiweka: iliyojaa kwa kawaida ni volti 4.2, na iliyoshuka chini ya 2.5 usiichaji, irudishe. Iliyovimba itoe leo hii, usiitoboe wala kuibana. Simu unayoihifadhi iache na chaji kati ya asilimia 40 na 60, uiangalie kila baada ya miezi mitatu.

Mapengo ya usalama hayatazibwa tena, na hilo lichukue kwa uzito wake wote. Usiweke benki wala pesa za simu humo. Kwenye Android 5.1.1 na za nyuma zima upakuaji wa MMS wa moja kwa moja, kwa sababu pengo la Stagefright la mwaka 2015 liliweza kuingia kwa ujumbe ambao hujaufungua. Bluetooth iwashe unapoitumia tu. Kazi zinazoifaa ni muziki, vitabu, ramani zilizopakuliwa, kamera, na nakala ya misimbo ile ya sekunde 30, ambayo haihitaji intaneti bali saa sahihi tu.

Sasa wewe uliyeniandikia. Kwenye hatua ya akaunti bonyeza ruka, usihangaike nayo. Weka tarehe kwa mkono. Ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa kompyuta, fungua anwani: kama usawazishaji uliwahi kuwashwa, majina yako yapo huko, nawe uyatoe kama vCard na uyaingize kwa kebo. Angalia pia laini na memori kadi, maana kureseti kwa kawaida hakufuti kadi mpaka uchague kufanya hivyo. Umesema ni Android 4.4, kwa hiyo Firefox 68.11 itakufungulia kurasa, na cheti cha ISRG Root X1 uweke pia, huenda kikaifaa programu ya barua. Picha zilizokuwa kwenye hifadhi ya ndani peke yake zimekwenda, na anayekuahidi kuzirudisha kwa malipo ya kabla usimpe.