Mwanafunzi wa sheria, usiingie kwenye usuluhishi ukidhani unakimbia vifungu

Wanafunzi wengi huchagua somo la usuluhishi wakidhani ni mahali pa kupumzikia baada ya sheria ya ushahidi na mwenendo wa madai. Wanakosea. Vifungu vitakufuata hadi kwenye meza ya usuluhishi, ila hapo huvitumii kumshinda mtu.

Kwanza tenganisha njia hizi mbili, uamuzi wa mwamuzi binafsi na usuluhishi, maana hata mawakili wazoefu huzichanganya. Mwamuzi anayeteuliwa na pande zenyewe husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi unaowabana, na kwa Mkataba wa New York wa 1958 tuzo hiyo inaweza kutekelezwa katika nchi zaidi ya 170. Msuluhishi haamui chochote. Wahusika wakikataa kupatana, wanaondoka kama walivyokuja na mlango wa mahakama uko wazi. Mamlaka yote yamebaki kwao, ndiyo maana maswali ya msuluhishi yana uzito kuliko hoja zake.

Na maswali ndiyo yanayowasumbua wanafunzi zaidi. Darasani tumefundishwa kumhoji shahidi kwa kumbana: "Si kweli kwamba mzigo ulichelewa?" Mahakamani swali hilo ni zuri. Kwenye usuluhishi linamfanya mtu ajikunje na kuanza kujitetea. Jaribu hili: "Mzigo ulipochelewa, kwenu kulitokea nini?" Mnunuzi aliyegoma kulipa ankara anaweza kukwambia kwamba alimpoteza mteja wake mkubwa, na kwamba anachotaka kwanza ni uhakika kuwa jambo hilo halitajirudia. Hayo huyakuti kwenye hati ya madai, kwa sababu hakuna mahakama inayoweza kumpa. Pande mbili zinaweza kupeana.

Sheria inaingia hasa kwenye kikao cha faragha, msuluhishi anapokaa na upande mmoja pekee. Anayosikia humo hayapeleki upande wa pili bila ruhusa, kwa hiyo ukiwa msuluhishi, kabla hujatoka, uliza waziwazi: "Katika haya uliyoniambia, niseme lipi na nisiseme lipi?" Humo ndimo unapompima mtu matumaini yake. "Tuseme umeshinda kesi. Fedha utazipata lini? Hadi siku hiyo utakuwa umetumia kiasi gani? Yule shahidi wako mkuu bado anapatikana?" Huwezi kuuliza hivyo kama hujui jukumu la kuthibitisha madai liko kwa nani au gharama hugawanywaje. Ila ukishauliza, nyamaza. Mwanafunzi ana tabia ya kujijibu mwenyewe kimya kinapozidi kidogo, na hapo kazi yote imeharibika.

Ukiwa upande wa wakili, kabla ya siku ya kikao hakikisha anayekuja ana mamlaka ya kukubali. Vikao vingi hufa jioni kwa sababu aliyetumwa inabidi ampigie simu bosi ambaye hakusikia lolote lililosemwa tangu asubuhi. Angalia pia ukomo wa muda wa kufungua shauri. Kuna sheria zinazosimamisha muda huo usuluhishi unapoanza na kuna zisizousimamisha. Ukizembea, mteja anaweza kutoka bila mapatano na bila kesi.

Halafu kuna hati ya makubaliano, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoonyesha nani amesoma sheria. Saa hiyo kila mtu amechoka, watu wanapeana mikono, na mtu anaandika: "Upande wa kwanza utalipa deni mapema iwezekanavyo." Sentensi hiyo ni kesi nyingine inayosubiri kufunguliwa. Andika kiasi, tarehe, akaunti itakayopokea, na kitakachotokea awamu moja ikikosekana. Andika kama madai yote yamekwisha au ni haya tu. Mapatano yakiwa ya kibiashara na ya kimataifa, soma Mkataba wa Singapore kuhusu usuluhishi, ulioanza kutumika tarehe 12 Septemba 2020: unataka makubaliano yawe kwa maandishi, yasainiwe, na kuwe na uthibitisho kwamba yametokana na usuluhishi. Haugusi migogoro ya familia, ya ajira wala ya mtu aliyenunua kwa matumizi yake binafsi.

Usigeuke mhubiri wa usuluhishi pia. Mtu anayeishi kwa hofu ya mwenzake hawezi kujadiliana naye kwa uhuru, na mteja anayehitaji zuio la haraka au hukumu itakayoongoza kesi za baadaye anapaswa kwenda mahakamani. Profesa Frank Sander wa Harvard alipopendekeza mwaka 1976 kwamba mahakama iwe na njia kadhaa za kupokea migogoro, hoja yake ilikuwa kupeleka kila mgogoro kwenye njia inayoufaa. Mahakama ilikuwa mojawapo.

Mazoezi ya kuigiza yanasaidia kuliko kusoma pekee. Kuna mashindano ya wanafunzi ya usuluhishi wa kibiashara yaliyoanzishwa Paris mwaka 2006 na ICC, yaani ile Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyabiashara, si mahakama ya The Hague. Timu huwa na anayecheza mteja na anayecheza wakili. Cheza mteja kwanza. Utajua jinsi inavyoudhi wakili wako akikukatiza.

Ukiruhusiwa kukaa kwenye kikao halisi kama mtazamaji, pande zote ziwe zimekubali na wewe uwe umesaini ahadi ya usiri. Kwenye daftari usiandike majina wala kiasi cha fedha. Andika swali lililoulizwa, na nani aliongea baada yake.