Uliza Shangazi: Mwanangu kagoma kula nyama kisa maji

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nakaa Kimara, nina watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 6. Siku maji yakitoka hawa watoto koki wanaiacha wazi wanapiga mswaki huku wanapiga stori, nikisema naonekana mkorofi. Sasa huyu mkubwa kaja na jipya, shuleni wamefundishwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe inakula maji lita 15,000, basi kagoma kula nyama, lakini koki bado anaacha wazi! Nifanyeje? - Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama. Samahani nimecheka kwanza.

Hiyo namba hajaitunga, ipo. Kulikuwa na profesa wa Uholanzi, Arjen Hoekstra, mwaka 2002 ndo alikuja na hiyo hesabu ya kujumlisha maji yote yaliyotumika mpaka kitu kikufikie mkononi. Kikombe cha kahawa kinakuja kama lita 130 hivi, tisheti ya pamba lita elfu mbili na mia kadhaa. Ila mwalimu au kasahau au muda ulimwishia, kwenye nyama ya ng'ombe zaidi ya asilimia 90 ya hayo maji ni mvua iliyonyeshea majani na mazao anayokula ng'ombe, hayajatoka bombani kwa mtu. Mwambie ale nyama yake.

Akitaka ubishi zaidi mpe wali. Kilo ya mchele ni kama lita 2,500, ndogo kuliko nyama eti, lakini mpunga wa kumwagilia unakunywa maji ya mto. Mfungulie ramani muangalie Usangu kule Mbeya, halafu mfuate mto Ruaha Mkuu kwa kidole. Zamani ule mto ulikuwa unatiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 kiangazi unakauka ndani ya hifadhi ya Ruaha, viboko wanabaki kwenye tope, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa mashambani huko juu. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni maji yametoka wapi, na nani kayakosa. Mtoto wa miaka 9 hilo analielewa vizuri tu.

Ila mi nisingeanzia huko. Lita 15,000 mtoto haioni, ndoo anaiona. Jumamosi moja funga koki kubwa ya nje, kila mtu mpe ndoo mbili za lita 20, kuoga, kunywa, choo, vyote humo, na wazichote wenyewe kwenye simtanki (huyo mdogo mpe kidumu cha lita 5, usimuue). Choo cha kuflashi kinameza lita 6 mpaka 9 kila ukivuta, yani ndoo nzima inaisha kwa mara mbili tatu, utawasikia wenyewe wanaanza kuulizana nani kaflashi. Na usiwape ya ziada jioni!! Cape Town mwaka 2018 watu walipangiwa lita 50 kwa siku, mji mkubwa ule, na sisi Dar tunaikumbuka Oktoba 2022 mto Ruvu ulivyopungua, mgao ukaanza, mwenye dumu ndo akawa tajiri.

Mswaki ni kikombe kimoja, basi. Koki inayodondosha wekea ndoo usiku kucha, asubuhi apime kwa jagi, azidishe mara 30, uniti ni lita 1,000, bili anajua kuisoma huyo. Na baba yao aache kuosha gari kwa mpira, maana watoto wanaangalia.

SWALI: Shangazi, nafundisha madrasa Tanga. Vijana wakitia udhu bomba linamwaga mpaka uani kuna dimbwi. Nimechoka kugomba. - Ustadh

JIBU: Ustadh, dawa unayo kwenye vitabu vyako. Hadithi si inasema Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano? Mudi moja ni nusu lita na kidogo. Chukua chupa tupu za maji za nusu lita, kila kijana na yake, ajaze, atawadhe aone kama anafika miguuni. Mara ya kwanza wengi wataishia kwenye mikono, wape wiki.